Sura ya Nne: Saa ya Hadithi

Mtajie Debora Mwenda mtu aliyekulia Tanzania Bara kabla ya televisheni, kisha umwangalie usoni. Atatabasamu kwanza. Halafu, bila kuombwa, atajaribu kuiga sauti: ile ya upole ya mtangazaji huyo, iliyowakaribisha watoto kwenye kipindi cha redio cha Mama na Mwana, au ile nzito ya zimwi lililotoka msituni. Sasa mwombe akusimulie hadithi moja tu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wengi hukwama. Binti yupo, zimwi lipo, mti mkubwa upo, ila namna binti alivyofika kwenye mti ule imepotea. Kilichobaki kizima ni kingine kabisa: mkeka aliokalia, dada aliyekuwa akimsuka nywele, na baba akikaripia watu wasipite mbele ya redio, kana kwamba mtu angeweza kuikinga sauti kwa mwili wake.

Nimewauliza watu wengi swali hilo, na majibu yao ya nusunusu ndiyo yaliyonionyesha njia ya sura hii. Tunaposema tunakikumbuka kipindi, mara nyingi tunachokumbuka ni kusikiliza. Hadithi yenyewe ilitunzwa kwingine, kwenye kanda, kama ilitunzwa. Kumbukumbu yetu ya redio iligawanyika tangu mwanzo: nusu ikabaki studio, nusu ikabaki uani na sebuleni. Nusu zote mbili zinazeeka pamoja, na ni mara chache mno zimekutanishwa.

Redio ya Kiswahili haikuzaliwa kwa ajili ya hadithi. Serikali ya kikoloni ilianzisha Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka huohuo Unguja nayo ikaanza kutangaza. Mwaka 1956 kituo cha Dar es Salaam kikageuzwa shirika la utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, baada ya Uhuru na Muungano, serikali ikakishika moja kwa moja na kukiita Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD, kama kila mtu alivyoiita, ilitangaza peke yake Bara kwa karibu miaka 30. Sitaki kuupamba upweke huo. Habari zilitazamwa kwa jicho moja, na mwanamuziki ambaye mashairi yake yalikataliwa na kamati hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Lakini upweke huohuo ndio uliofanya mtoto wa Bukoba na mtoto wa Newala wasikie zimwi lilelile, dakika ileile, na wakutane miaka ishirini baadaye bwenini au kambini wakiwa na kitu cha kuzungumza.

Redio zilikuwa chache. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na jina lake la biashara, National, likaingia majumbani kwa njia mbili: redio na betri. Nadhani betri imesahauliwa kuliko inavyostahili. Redio ilinunuliwa mara moja, labda baada ya mavuno ya pamba au kahawa, ikawekwa juu ya meza na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zilinunuliwa tena na tena, na dukani hazikupatikana kila siku, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo hata sabuni ilitafutwa. Zikichoka zilianikwa juani juu ya bati au jiwe. Haukuwa ushirikina: joto huchangamsha kemikali zilizomo ndani ya betri, ikapata nguvu kidogo ya kumaliza taarifa ya habari. Kwa hiyo betri ndiyo iliyopanga ratiba ya nyumba. Redio haikuachwa ikilia ovyo. Ilifunguliwa kwa jambo maalumu na kuzimwa jambo hilo likiisha, na mwenye haki ya kuifungua alikuwa mmoja.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha kumbukumbu zile kuwa imara kiasi hiki. Kila dakika ya kusikiliza iligharimu, na watoto walilijua hilo. Ukikosa kipindi umekikosa. Hakuna kurudisha nyuma, hakuna marudio ya kuaminika. Aliyekuwa kisimani au machungani alisimuliwa na wenzake jioni, na mara nyingi aliyesimuliwa leo hana hakika tena kama alisikia kwa redio au kwa mdomo wa kaka yake. Hadithi moja ilitangazwa mara moja na kusimuliwa mara kumi kabla ya kulala.

Kulikuwa pia na usiku. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi jua likizama, kwa sababu tabaka la chini la anga linaloyameza mchana hutoweka, nayo yakapanda juu na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita mbele. Mtu wa Kigoma aliyezungusha kitufe usiku angeweza kukumbana na Bujumbura, Kigali, Nairobi, na kati yao mvumo mrefu wa kitu kisichojulikana. Wazee wanauelezea mvumo ule kwa mapenzi ambayo kijana wa leo hayaelewi. Wengine walichukua waya na kuufunga juu ya mwembe, wakalala wakisikiliza nchi ambazo wasingezitembelea maisha yao yote.

Kabla ya habari ilisikika ngoma. Aliyeipiga ni Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake. Sijapata kukutana na mtu wa rika lile asiyeweza kuipiga ngoma ile kwa vidole mezani. Wengi hawakuwahi kuiona sura ya Nyunyusa, naye hakuwahi kuiona sura ya yeyote kati yao, lakini kwa miaka mingi ngoma zake ndizo zilizowanyamazisha watu wote nyumbani kwa wakati mmoja. Watoto walinyamaza kwa hofu, wakubwa kwa shauku, na hata wasiojua Kiswahili vizuri walijua kwamba sasa si wakati wa kuuliza chumvi iko wapi.

Serikali iliujua vyema uwezo huo wa kukusanya watu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Walisikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuchemsha maji. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wataalamu wa elimu ya watu wazima wameandika mengi juu ya kampeni hizo, na wanastahili. Ninachotaka kuongeza ni kwamba kijiji kilichozoea kukaa pamoja mbele ya redio kwa ajili ya choo kilikuwa tayari kukaa pamoja mbele ya redio kwa ajili ya kicheko.

Na kicheko kilikuwepo. Pwagu na Pwaguzi walichukua majina yao kwenye methali ya zamani na kuyapa miguu: walaghai wawili wenye tamaa isiyo na mwisho na akili isiyotosha, ambao mipango yao iliporomoka kila mara palepale msikilizaji alipotarajia. Kulikuwa na kipindi cha Mahoka. Kulikuwa na Malenga Wetu, ambapo mashairi yaliyotumwa na wasikilizaji yalighanwa hewani, na mwalimu wa shule ya msingi aliyesikia beti zake zikiimbwa na sauti ya Dar es Salaam alitembea siku ile kifua mbele. Hapo katikati zilisomwa kadi za salamu, majina mengi mfululizo, na kila jina lilikuwa na mtu fulani mahali fulani aliyeruka kitini.

Ngoja nisimame kidogo kwenye matangazo ya vifo, ingawa hakuna anayeyaita hadithi. Tangazo lilimtaja marehemu, mtoa taarifa, kijiji cha mazishi, kisha likaanza kuwatafuta ndugu mmoja mmoja: aliyeko Tanga kwenye mkonge, aliyeko Mwadui kwenye almasi, aliyevuka mpaka akaenda Mombasa, aliyeolewa Kahama. Ndani ya sekunde chache ulipata ramani ya ukoo mzima, ukajua nani alihama na alikwenda kutafuta nini. Wanahistoria wa uhamiaji wa kazi Afrika Mashariki wangepata katika karatasi zile, kama zingekuwa zimetunzwa, kitu ambacho takwimu za sensa haziwezi kuwapa. Bibi zetu waliyasikiliza matangazo yale mpaka mwisho hata kama hakutajwa mtu wanayemjua. Wakiulizwa sababu, husema mtu hazikwi bila watu kusikia.

Sasa turudi kwa Debora Mwenda, maana hapa pana jambo gumu zaidi.

Hamu yetu ya redio ya zamani ina tabia ya kuifanya redio iwe mwanzo wa kila kitu. Haikuwa. Kabla ya sauti ile kulikuwa na bibi, jiko la mafiga matatu, na hadithi zilizosimuliwa kwa Kihaya, Kisukuma, Kinyakyusa, Kimakonde, Kigogo. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 ilikuwa na jioni za namna zaidi ya 120. Msimulizi aliita na watoto wakaitikia, na wasipoitikia alikatisha. Aliibadilisha hadithi kufuatana na nani alikuwa mtundu siku ile. Redio iliingia katika jioni hizo ikiwa na nguvu mbili ambazo bibi hakuwa nazo: ilisema Kiswahili, lugha ya shule na ya mbele, na haikuchoka wala kuugua. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza elimu ya msingi kwa wote, utekelezaji ukashika kasi 1977, na wakati huohuo mamilioni walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakiacha maboma ya zamani na majirani wa zamani. Mtoto aliyejikuta kijiji kipya, shuleni kwa Kiswahili, akiwa jirani ya watoto wa kabila jingine, alihitaji hadithi ambayo wote wangeielewa. Mama na Mwana ikampa.

Alipewa kitu cha thamani, na kitu kingine kikafifia pembeni yake. Wapo watu wazima leo wanaolilia kipindi cha redio kwa machozi ya kweli, lakini ukiwauliza hadithi moja ya bibi yao kwa lugha ya bibi yao, wanatazama chini. Siwalaumu. Hata bibi wenyewe walisogeza vigoda vyao karibu na redio. Naamini tu kwamba huzuni yetu haitakuwa ya kweli mpaka iwe na nafasi ya wote wawili, yule aliyesimulia hewani na yule aliyenyamaza ili hewani pasikike. Isitoshe, hadithi za redio hazikutoka hewani. Sungura, fisi, zimwi na binti mwenye kiburi walichumwa mashambani mwa mabibi hao, wakavishwa Kiswahili sanifu na kurudishwa kijijini kwa mawimbi. Kwa mtafiti, kanda moja ya kipindi cha watoto inaweza kuwa nakala pekee iliyobaki, japo kwa mavazi mengine, ya hadithi ambayo kijiji chake hakiisimulii tena.

Kama ipo, basi. Kanda hizo kubwa za duara ni utepe wa plastiki wenye upana wa robo inchi, uliopakwa unga wa oksaidi ya chuma na kushikizwa kwa gundi. Ukizungushwa kwa mwendo wa inchi 7.5 kwa sekunde, utepe wa futi 1,200 unatosha dakika 32: kipindi kimoja na utangulizi wake. Gundi hiyo hufyonza unyevu. Baada ya miongo kadhaa kanda huanza kunata, na fundi akiiweka mashineni bila kuiandaa, unga wa chuma hubanduka na kubaki kwenye kichwa cha mashine, yaani sauti yenyewe inakwanguliwa mbele ya macho yake. Kuna aina za kanda ambazo hulazimika kuokwa taratibu kwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi ili zichezwe mara chache za mwisho, na katika mara hizo chache ndipo zinapohamishiwa kwenye kompyuta. Dar es Salaam, yenye joto, chumvi na unyevu wa bahari, si mji wa kumrahisishia kazi mtunza kanda.

Adui mwingine ni kufuta. Kanda zilinunuliwa kwa fedha za kigeni na zilitumika tena. Hata BBC, yenye fedha nyingi kuliko kituo chochote cha kwetu, ilifuta vipindi vyake vingi miaka ya 1960 na 1970 ili irekodi vipya, na leo inavitafuta kwa wasikilizaji na watazamaji wa zamani. Weka kanda mbili mbele ya mkuu wa maktaba aliyebanwa na bajeti: hotuba ya Rais na hadithi ya sungura. Hotuba ni historia. Sungura atasimuliwa tena kesho. Uamuzi huo haukuwa wa ujinga. Ulikuwa na mantiki kamili kwa siku ile, na ndiyo maana ninaamini kwamba tulichobaki nacho kinatuelezea watawala vizuri zaidi kuliko kinavyowaelezea watoto.

Ukiritimba wa RTD ulikwisha kwa sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka uliofuata Radio One ikasikika na televisheni ya ITV ikaanza Dar es Salaam, mji ambao ulikuwa umeitazama Zanzibar ikiwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Vituo vikaongezeka, redio ndogo za bei rahisi zikaingia, kila chumba kikapata ya kwake. Watu walisikiliza kuliko wakati wowote, ila kila mtu peke yake. Wenzetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo, ingawa wao walikuwa na bahati ya sauti moja iliyokataa kustaafu: Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kuuliza maswali yake ya adabu katika Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, aliendelea kusikika kwa zaidi ya nusu karne, akafariki Februari 2025. Siku ile watu wa vizazi vitatu walimlilia mtu mmoja. Sioni mtangazaji wa sasa atakayepata hilo, kwa kosa lisilo lake.

Mwanahistoria Jan Vansina, aliyeanza kazi kwa Wakuba wa Kongo mwaka 1953 kisha akaenda Rwanda na Burundi, aligundua umbo la kushangaza katika masimulizi ya mdomo. Jamii inakumbuka mengi juu ya chimbuko lake, na mengi juu ya miaka ya babu na baba. Kati ya hapo pana pengo, majina machache tu yanaelea. Na pengo halikai mahali pamoja. Kila kizazi kikiondoka, linasogea mbele na kumeza kilichokuwa jana. Nikilisoma umbo hilo kwa upande wa redio, naona kwamba chimbuko liko salama: 1951, 1965, majina ya wakuu, hotuba za vita vya Kagera. Mambo ya vijana wa sasa nayo yanajirekodi yenyewe kwenye simu. Pengo linafunguka katikati, juu ya jioni za 1968, 1975 na 1983, na mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1975 amekwisha kuvuka sitini.

Kwa hiyo kuziokoa kanda hakutoshi, ingawa ni kazi ya lazima na wanaoifanya wanastahili heshima na mishahara. Kanda ya Pwagu na Pwaguzi ikichezwa mbele ya kijana wa leo anasikia watu wawili wanaopiga kelele kuhusu bei ya sukari. Ikichezwa mbele ya mama wa miaka 65, anaanza kucheka kabla ya utani kufika, kisha anaeleza foleni ya duka la ushirika, karatasi ya mgao, na jirani aliyepewa jina la Pwaguzi mpaka akazikwa nalo. Maelezo hayo hayamo kwenye kanda. Yamo ndani yake yeye, na yeye hana maktaba.

Nimejifunza kwamba namna ya kuuliza ina uzito. Ukiuliza ni hadithi gani anaikumbuka, unamtahini mzee na anajiona ameshindwa. Uliza redio ilikaa wapi. Nani aliifungua? Nani alitumwa betri, na alirudi nazo au alirudi mikono mitupu? Nani hakuruhusiwa kusikiliza kwa sababu alikuwa jikoni? Swali hilo la mwisho lifikishwe kwa wanawake hasa, maana wengi wao waliisikia Mama na Mwana kupitia ukuta, wakipika, na wana kumbukumbu ya sauti bila picha ya sebule. Na ni heri kuwakusanya ndugu watatu kuliko kumhoji mmoja. Mmoja ataanza wimbo, wa pili atakataa, wa tatu atasema ninyi wote mmekosea, ilikuwa hivi. Hadithi iliyokuwa imekufa vichwani mwao mmoja mmoja itaanza kujiunga.

Kuna mahali pamoja ambapo ningeanzia kesho. Mwaka 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, alifahamika kiasi kwamba jina lake likawa la kumsema mwanamume mwenye tabia hizo, na msikilizaji alimfuata mpaka alipougua na kufa, huku mkewe Tunu akijifunza kusimama mwenyewe. Ili kupima kama mchezo unabadilisha mwenendo wa watu, watafiti wakiwemo Everett Rogers waliacha eneo la Dodoma bila mchezo huo kwa miaka miwili ya kwanza. Mtambo wa kule ulirusha vipindi vingine mpaka 1995. Walipima nani alikwenda kliniki na nani alianza kutumia uzazi wa mpango, wakaona mchezo umefanya kazi. Wanawake waliokuwa na miaka ishirini na kitu wakati ule sasa wana hamsini na kitu, na kumbukumbu zao bado ni kali. Ningewaketisha wa Dodoma upande mmoja na wa mikoa mingine upande wa pili, niwaulize wote ni lini walianza kuzungumza na waume zao kuhusu ugonjwa ule, nani aliyeanza, na kama Mkwaju alikuwemo katika maneno ya kwanza.